Je, wajua kwa nini mjamzito hutamani kula udongo?

Katika masoko mengi ya Tanzania na Kenya huuzwa vipande vya udongo mgumu uliokaushwa, vya rangi ya kahawia au kijivu, ambavyo wengine huviita pemba na wengine, hasa nchini Kenya, odowa. Wateja wake wakubwa ni wajawazito. Mama humega kipande, akakitafuna taratibu, na wengi husema kwamba kinachowavuta zaidi ni harufu yake, ile ya ardhi iliyonyeshewa mvua baada ya kiangazi.

Tamaa hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Wakati wa ujauzito maji ya damu huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida, ilhali chembe nyekundu huongezeka kwa kiwango kidogo zaidi, na wakati huohuo mtoto na kondo la nyuma huhitaji madini ya chuma kutoka katika akiba ya mama. Ikiwa akiba hiyo ilikuwa ndogo tangu awali, au ikiwa malaria na minyoo vimeipunguza, mama huanza kuchoka upesi, kuhema anapopanda ngazi na kusikia moyo ukienda mbio. Wenye upungufu wa chuma wamejulikana kutamani vitu visivyo chakula cha kawaida, kama udongo, barafu au mchele mbichi, na kwa baadhi yao tamaa hupungua wanapotumia dawa za kuongeza damu. Hata hivyo si kila anayekula udongo amepungukiwa damu. Wapo wanaoutafuta kwa sababu huwatuliza kichefuchefu.

Wengi huamini kwamba udongo huongeza damu kwa kuwa una madini. Imani hiyo inaeleweka, lakini ni ya hatari, kwa sababu aina nyingi za udongo hunasa madini ya chuma ya chakula tumboni na kuyazuia yasifyonzwe, hivyo upungufu uliochochea tamaa huzidi. Aidha, udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni, na ukiliwa kwa wingi huleta choo kigumu.

Kwa hiyo mjamzito anayetamani udongo asionewe aibu wala kukaripiwa, maana akikemewa atakula kwa siri na mkunga hatajua. Amweleze mkunga kliniki, apimwe wingi wa damu. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, hemoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita ya damu ni upungufu, isipokuwa katika miezi mitatu ya kati ambapo kikomo ni 10.5, ikishuka chini ya 7, hali ni mbaya na huhitaji matibabu ya haraka.

Vidonge vya chuma na asidi ya foliki hutolewa kliniki kwa wajawazito wote, si kwa wagonjwa pekee. Vikimezwa pamoja na chungwa au maji ya limau, chuma hufyonzwa vizuri zaidi, ilhali chai na kahawa hukizuia, kwa hiyo ni vyema zinywewe saa moja au mbili baadaye. Choo kikiwa cheusi baada ya kuanza vidonge, mama asishtuke wala asiviache, kwani hiyo ni rangi ya chuma kisichofyonzwa.