Umakini pale taarifa zinapopingana: dhana potofu na ukweli

Dhana potofu: mtu makini huizima kabisa taarifa asiyoitaka.

Hawezi. Mwaka 1935 Mmarekani John Ridley Stroop aliwapa wanafunzi wa chuo majina 100 ya rangi, kila jina likiwa limechapwa kwa wino wa rangi nyingine, akawataka wataje rangi ya wino tu. Miraba 100 ya rangi iliwachukua wastani wa sekunde 63. Maneno yale yaliwachukua 110. Kwa aliyezoea kusoma, neno hujisoma lenyewe kabla hajaamua, na jina lake linagombea mdomo na jina la wino. Umakini hauzimi neno. Huupa wino nguvu mpaka ushinde, na ushindi huo unakula muda. Ndiyo maana si haki kumwita anayekwama mzito wa akili: mtoto asiyejua kusoma hakwami hata kidogo.

Ukitaka kujipima, andika NYEKUNDU, KIJANI, BULUU na NYEUSI, kila neno mara 5, ukichanganya mpangilio, kwa kalamu isiyolingana na neno. Chora na visanduku 20 vya rangi hizo hizo. Taja rangi ya wino kwa sauti, ya maneno na ya visanduku kila moja peke yake, huku simu ikipima sekunde, kisha linganisha. Njano iache: haionekani vizuri kwenye karatasi nyeupe, utachelewa kwa sababu ya macho ukadhani ni mgongano.

Dhana potofu: mtaalamu hapitwi na kitu.

Mwaka 2013 madaktari 24 wa picha za mionzi walitafuta vivimbe kwenye picha za mapafu. Ndani yake ilipachikwa picha ya sokwe, kubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 hawakuiona, na wengi wao macho yao yalitua pale pale ilipokuwa. Walikuwa wakitafuta vivimbe.

Dhana potofu: ukiazimia kutopendelea upande, umepona.

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Katika utafiti wa mwaka 1984 huko Marekani, watu wenye misimamo mikali kuhusu adhabu ya kifo walisoma tafiti zenye matokeo yanayopingana kuhusu adhabu hiyo. Kuwaambia wawe waadilifu hakukusaidia. Kilichosaidia ni kujiuliza, kwa kila hatua ya utafiti waliousoma: kama njia hii hii ingetoa jibu la upande wa pili, ningeikubali? Swali hilo huhamisha umakini kutoka kwenye jibu kwenda kwenye njia iliyotumika, kwa hiyo liulize kabla hujaamua ripoti ipi ni dhaifu. Ukishaamua, utachungulia kasoro za upande mmoja tu.