Akupancha kwa mwenye uchovu sugu: maana yake nini?

Ugonjwa wa uchovu sugu si uchovu wa mtu aliyekesha au aliyelima kutwa. Hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha. Daktari huutambua kwa dalili: uchovu mzito wa miezi 6 au zaidi, usingizi usioburudisha, akili iliyojaa ukungu au kizunguzungu cha kusimama, na hasa kuzidiwa baada ya kujishughulisha. Dalili hii ya mwisho ndiyo inayowachanganya watu. Mgonjwa hufua nguo mbili tatu leo, akajiona mzima, kisha kesho au keshokutwa yuko kitandani hajiwezi. (Ndugu zake nao humwita mvivu.)

Akupancha ni tiba yenye asili ya China: sindano nyembamba, zisizo na dawa ndani, huchomwa sehemu maalumu za mwili na kuachwa hapo kwa dakika kadhaa. Kwa mapokeo yake, sindano hufungua njia za nguvu ya uhai iitwayo chi. Njia hizo hazijaonekana kwa kupasua mwili wala kwa picha. Watafiti wa leo huzungumzia zaidi mishipa ya fahamu inayoguswa.

Je, inasaidia? Baadhi ya majaribio yameripoti nafuu, ila mengi ni madogo na yana kasoro. Ugumu uko hapa: tiba hupimwa kwa kulinganishwa na ya bandia; kidonge bandia ni rahisi kukitengeneza, sindano bandia si rahisi, na mchomaji hujua fika anachofanya. Kulala kimya, kusikilizwa na kuguswa kwa upole navyo hutuliza. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba inaponya, na anayekuahidi hivyo mkimbie.

Madhara kwa kawaida ni madogo, kama michubuko au kizunguzungu, ingawa kwa nadra sindano ya kifuani imewahi kutoboa pafu. Sindano ziwe mpya, za kutumika mara moja.

Kwangu mimi, gharama kubwa ni safari yenyewe. Mwongozo wa Uingereza wa 2021 wa kutibu ugonjwa huu uliachana na mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua, ukasisitiza mgonjwa asivuke kiasi cha nguvu alizonazo. Kuvaa, kusafiri na kusubiri foleni hula nguvu hizohizo. Anayetaka kujaribu aandike hali yake siku 3 kabla na siku 3 baada. Anavyojisikia anaposhuka kitandani pa mchoma sindano bado hakumwambii kitu, maana kuzidiwa huja kesho au keshokutwa.