Chimène hakusema ndiyo

Aliyesoma sekondari hapa Bukavu amekutana na Le Cid, mchezo wa kuigiza wa Mfaransa Corneille, na akilini amebaki na Rodrigue: upanga, ushindi, heshima ya baba. Mimi mwongozaji wa michezo ya kuigiza nimerudi kwake Chimène, kwa sababu mwisho wake tunausoma vibaya.

Rodrigue na Chimène wanapendana, lakini Rodrigue amemuua baba yake Chimène. Binti anakwenda kwa mfalme kudai haki, lakini Rodrigue ndiye amewashinda Wamori, maadui wa mfalme, na mfalme anamtaka jeshini. Basi mfalme anamdanganya Chimène mbele ya watu kwamba kijana amekufa, ili aone kama atazimia, ijulikane kwamba bado anampenda. (Tukio hili darasani tulilicheka!) Mwishoni anamtangazia: chukua mwaka mmoja upanguse machozi, kisha uolewe.

Kabla ya hapo Chimène amemuuliza: ikiwa dola inamhitaji Rodrigue kiasi hiki, je, mimi ndiye niwe mshahara wa anachokufanyia? Hajibiwi. Hasemi tena mpaka pazia.

Mchezo ulipotoka, mwaka 1637, wakosoaji wa Paris walimwita Chimène asiye na haya. Corneille alijibu mwaka 1660: Chimène wake hakukubali. Kimya kwa kawaida huhesabiwa kukubali, alisema, ila anaponena mfalme, kimya ni kupinga.

Ndiyo maana katika igizo langu sikumwandikia Chimène hotuba. Wengi wanaosimulia upya wanawake wa michezo ya zamani huwapa maneno marefu, pengine na bunduki, na mtazamaji anatoka hana la kujiuliza. Nilichobadilisha ni Elvire, mlezi wake. Kwangu ni shangazi mtu, yule anayefunga kikao cha familia kwa kusema, “Mumeona, amenyamaza, amekubali.” Hapa kwetu nani hamjui? Sheria ya Kongo ya mwaka 2006 juu ya ubakaji inaadhibu pia ndoa ya kulazimisha, lakini wazee bado hukaa wakamaliza maneno kwa binti na mbuzi.

Mstari wa mwisho wa mfalme, kwamba wakati utatengeneza mambo, nimempa shangazi auseme huku anahesabu mali. Waigizaji wangu wanaume walitaka Chimène angalau atabasamu kidogo. Nimekataa, Corneille hakuandika tabasamu.