Seli zenye sura ya kansa, kumbe ni mafundi wa kidonda

Karatasi ya ombi ilikuwa na maneno mawili tu: "biopsi, tumbo", yaani vinyama vilivyokatwa tumboni ili vipimwe. Umri hakuna, historia hakuna, hata neno "kidonda" halikuandikwa. Ndani ya kichupa cha formoli mlikuwa na vipande vitatu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele.

Nilikuwa bado mwanafunzi wa anapati, kama tunavyoita huku Bukavu, mashariki mwa Kongo, kazi ya kutafuta ugonjwa katika vipande vya mwili kwa mikroskopi. Vipande vilipokwisha kugandishwa katika nta ya parafini, vikakatwa kwa unene wa mikroni 4 na kupakwa rangi za hematoksilini na eozini, nikakaa kwenye mikroskopi na moja kwa moja nikaweka lensi kubwa. Chai yangu ilipoa. Niliona seli kubwa mara tatu, mara nne kuliko jirani zake, zingine zimetoa mikono kama buibui. Viini vyake vilikuwa vyeusi, vimekunjamana, kimoja kimejigawa mapande mawili, na ndani yake nukta nene imetuna. Nikaandika kwenye daftari: sarkoma, kansa ya nyama inayoshikilia mwili.

Mwalimu wangu alisoma, hakucheka. Alirudisha lensi ndogo kabisa. "Umeangalia sura ya mtu," akasema, "hukuangalia mtaa anaokaa."

Mtaa wenyewe ulikuwa kidonda. Juu kabisa, utando wa fibrini (nyuzi za damu iliyoganda) na neutrofili zilizokufa, yaani seli za usaha. Chini yake, nyama changa ya kuponya, imejaa mishipa midogo mipya ya damu. Zile seli za kutisha zilikuwa humo, karibu na uso wa kidonda, zimetawanyika moja moja, hakuna mahali zilipojikusanya na kusukuma wenzake. Na kadiri tulivyosogeza kioo kuelekea chini, ndivyo zilivyopungua ukubwa, mpaka zikawa seli za kawaida kabisa zinazoitwa fibroblasti.

Fibroblasti ni fundi wa mwili: mahali pamebomoka, yeye ndiye anayeziba. Kidonda kikikaa katika asidi, huku mgonjwa anaendelea kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo (na huku kwetu vidonge hivyo unanunua kimoja kimoja, bila mtu kukuuliza kitu), fundi huyo anavimba kiini na kupoteza umbo. Mionzi ya kutibu kansa inaweza kumfanya vilevile. Mwaka 1991, huko Marekani, Shekitka na Helwig walizieleza seli hizi katika polipu (vinyama vinavyoota ndani) na vidonda vya njia ya chakula, kwa sababu wataalamu walikuwa wanadanganyika nazo. Kwa hiyo sikuwa peke yangu, ingawa siku ile hilo halikunifariji.

Tofauti na sarkoma ni nini? Mimi natafuta kwanza seli zinazogawanyika. Kwenye nyama ya kuponya unaweza kuziona, lakini hugawanyika kwa utaratibu; nikikuta mgawanyiko wa ovyo, wa pande tatu, nasimama hapo hapo. Rangi inayoonyesha keratini, protini ya seli za utando wa juu, nayo inasaidia pale ninapoogopa kansa ya utando wa juu iliyojificha: fundi wa kidonda kwa kawaida haishiki. Ila kwetu kupima keratini maana yake ni kutuma kipande ndani ya parafini yake maabara ya mbali, na familia ndiyo inayolipa. Rangi ya vimentini, protini nyingine, haiamui chochote hapa, maana fundi na sarkoma wote huishika.

Kuna mtego mwingine ninaouogopa kuliko sarkoma yenyewe: virusi vya CMV, hasa kwa mtu mwenye VIH (virusi vya UKIMWI) ambaye kinga yake imeshuka. Seli inavimba vilevile, lakini ndani ya kiini unaona doa zito lenye duara jeupe pembeni, kama jicho la bundi. Ukiita hiyo "seli za kuponya tu", umemnyima mgonjwa dawa. Ndiyo maana naomba vipande vya ukingo na vya sakafu ya kidonda pia, kwa kuwa CMV hupenda kukaa sakafuni.

Mwezi uliopita picha ileile ilirudi mbele yangu. Safari hii nilianza na lensi ndogo, halafu nikampigia daktari aliyefanya fibroskopi, yaani aliyeingiza mpira wenye kamera tumboni. Akanieleza: kidonda cha tumbo, mzee wa miaka sitini na kitu, vidonge vya magoti kila siku. Niliandika kwamba vipande hivi havina kansa, na kwamba fibroskopi irudiwe baada ya wiki nane za omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi.

Mtoto wake alikuja na karatasi mkononi.

"Docta, papa haiko na kansa?"

"Mu hivi vipande, hapana."

"Sasa juu ya nini munasema arudilie fibroskopi?"

Nilimwonyesha ncha ya kalamu: vipande vyote vya baba yake vingetosha hapo, na kidonda chenyewe kilikuwa na upana wa kidole gumba. Kansa inaweza kukaa ukingo wa pili. Alinyamaza, akakunja karatasi mara nne, akauliza kama mzee anaweza kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

"Kwanza aache vile vidonge," nikamwambia. "Ya kasiksi, muulize docta wake."