Vidonge vya damu havikai kwenye mkoba

Mwezi uliopita mama mwenye mimba ya miezi saba alifungua mkoba wake mbele yangu kutafuta kadi ya kliniki. Zikadondoka pakiti tatu za vidonge vya kuongeza damu, hata kimoja hakijatolewa. Kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini) kilisoma 8.4, kwa mjamzito tunataka isishuke chini ya 11. Nilipomuuliza, akasema ameambiwa vidonge hivyo humnenepesha mtoto mpaka mama apasuliwe.

Jamani, sijui nilisema hili mara ngapi mwaka huu. Vidonge havimnenepeshi mtoto. Katika miezi mitatu ya mwisho mtoto hujiwekea akiba ya madini ya chuma kutoka kwa mama, na akiba hiyo ndiyo humtunza miezi sita ya mwanzo, maana maziwa ya mama yana chuma kidogo. Akizaliwa bila akiba, ubongo wake ndio unaolipa.

Asidi ya foliki, vitamini iliyomo kwenye vidonge hivyo, ina haraka zaidi. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi bado wanahesabu siku za hedhi. Usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na watoto hao hupelekwa Hospitali ya CURE, Mbale, hapa Uganda, kufanyiwa upasuaji. Kwa hiyo anayepanga kushika mimba aanze kumeza mapema.

Chakula kipo. Mukene (dagaa), dodo (mchicha), maharage, na kipande cha chungwa pembeni ili chuma ipokelewe vizuri. Kosa ni chai ya rangi juu ya posho (ugali) na maharage. Isubiri saa moja au mbili. Emumbwa, udongo wanaokula wajawazito, je? Udongo huo hushika chuma tumboni, na mwingine umekutwa na madini ya risasi, sumu kwa ubongo wa mtoto. Kusema "mama yangu alikula na mimi nikazaliwa" si kipimo cha maabara.

Utaratibu ni huu: fika kliniki kabla ya wiki ya 12, uhudhurie mara nane, na kadi ijazwe kila mara. Dawa ya kuzuia malaria, Fansidar, huanza wiki ya 13, humezwa mbele ya mhudumu, na dozi hupishana mwezi mmoja. Anayetumia Septrin (dawa ya kuzuia maambukizi, hasa kwa wenye VVU) kila siku hapewi Fansidar, aseme mwenyewe. Asichanganye Fansidar na vidonge vya foliki vya miligramu 5 vya dukani, maana huipunguzia nguvu. Vyetu vya kliniki vina kiasi kidogo cha foliki, havina shida. Dawa yenye chapa ya serikali haiuzwi: anayeiuza, na mwenye duka anayekutwa nayo, wote wana kesi. Ukitozwa pesa, omba stakabadhi, kisha mwone msimamizi wa kituo.

Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni chuma hiyo. Kikiwa kigumu, kunywa maji zaidi na umeze kidonge usiku, lakini usiache kabla hujaja kutuuliza.