OK haikuzaliwa vitani, wala si kosa la rais asiyejua kuandika

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp: eti neno OK lilianzia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kila jioni kamanda aliandika ubaoni idadi ya askari waliouawa. Siku ambayo hakuna aliyekufa aliandika sifuri na herufi K, ya "killed". Watu wakaisoma sifuri kama O, na OK ikawa habari njema.

Hadithi hii inagusa moyo, ndiyo maana watu wanaituma bila kuuliza. Inaangushwa na tarehe. Vita hivyo vilianza 1861, na OK ilikuwa imechapishwa gazetini miaka 22 kabla. Wanaoipeleka hadithi hiyohiyo kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia wanakosea kwa karne nzima. Tarehe hiyo inaondoa pia hadithi ya biskuti za Orrin Kendall, ambazo inadaiwa askari wa vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe walizipenda hadi herufi za mwenye kiwanda zikageuka kuwa sifa ya kila kitu kizuri.

Gazeti lenyewe ni Boston Morning Post, toleo la 23 Machi 1839. Katika habari fupi ya kuwatania wahariri wa mji wa jirani, mhariri Charles Gordon Greene aliandika herufi "o.k." na hapohapo akaweka maana yake: "all correct", yaani kila kitu ni sahihi. Msomaji makini atauliza mbona herufi hazilingani na maneno. Hazilingani kwa makusudi. Miaka ile wahariri na vijana wa Boston walikuwa na mtindo wa kufupisha semi kwa herufi, na utamu wake ulikuwa kuanza na tahajia mbovu: "oll korrect" ikazaa OK, "oll wright" ikazaa OW. Ni mchezo uleule wa vijana wetu wanaoandika "xaxa" badala ya "sasa" na "cjui" badala ya "sijui" huku tahajia sahihi wanaijua vizuri kabisa. Vifupisho vingi vya Boston vilikufa na mtindo wenyewe. OK ikabaki.

Aliyeifuatilia njia hii ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyepekua magazeti ya zamani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1963 na 1964 katika jarida la American Speech. Kazi yake naiheshimu sana. Hakutafuta hadithi ya kupendeza. Alitafuta neno limeandikwa lini, wapi, na wasomaji wa siku hiyo walilielewaje.

Dhana ya pili ina siasa ndani yake. Inasemekana Rais Andrew Jackson hakujua tahajia, akawa anaandika OK kwenye nyaraka akidhani ndivyo "all correct" inavyoanza. Jackson alimaliza urais 1837. Hadithi ilisambazwa na magazeti ya wapinzani mwaka 1840, wakati rafiki yake Martin Van Buren, rais aliyemfuata, alipokuwa anagombea tena, kwa lengo la kuwaonyesha wote wawili kuwa ni wajinga. Baadaye watu walijaribu kuitetea kwa kumbukumbu ya mahakama ya Tennessee ya mwaka 1790 inayomtaja Jackson. Ilipochunguzwa vizuri, herufi zilikuwa OR, za maneno yanayomaanisha "imeamriwa iandikishwe". Na kilichokuwa kinaandikishwa ni hati ya kumuuza mtu mweusi. Inasikitisha kwamba wanaosimulia kisa hicho kwa kucheka huiruka sehemu hiyo.

Uchaguzi huo wa 1840 ndio uliolibeba neno nje ya Boston. Van Buren alizaliwa Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake wakamwita "Old Kinderhook", Mzee wa Kinderhook. Herufi zikaangukia palepale. Vikundi vyao vya kampeni vikajiita OK Club. Wapo wanaosema basi asili ya OK ni jina hilo, lakini gazeti la Boston lilitangulia kwa mwaka mzima. Kampeni ililikuta neno na kulitumia. Van Buren alishindwa vibaya na William Henry Harrison, kura 60 kwa 234 za wajumbe wa uchaguzi. Neno halikuanguka naye.

Asili ya Kigiriki, kutoka "ola kala", yaani yote ni mazuri, haina ushahidi wa njia ambayo ingepitia hadi Boston. Asili ya Kichoctaw ina uzito kidogo, kwa kuwa lugha hiyo ya wenyeji wa Marekani ina neno linalosikika karibu na "okeh" lenye maana ya "ndivyo ilivyo". Rais Woodrow Wilson aliiamini, akawa anaidhinisha nyaraka kwa kuandika "okeh". Imani ya rais haithibitishi asili ya neno.

Dhana inayotuhusu zaidi sisi Waafrika ni kwamba OK ililetwa na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Mwanaisimu David Dalby aliitetea mwishoni mwa miaka ya 1960, akionyesha Kiwolofu "waaw kay", ndiyo kabisa. Si porojo. Msafiri J. F. D. Smyth, katika kitabu cha 1784, alinukuu maneno ya mtumwa yanayoanza na "kay". Tena watumwa wengi walinyimwa kusoma na kuandika, kwa hiyo sauti zao zisipoonekana magazetini hatuwezi kusema hazikuwepo. Hata hivyo, hakuna andiko la kabla ya 1839 lenye sauti zote mbili, "waaw" na "kay" pamoja, kwa maana hii, ilhali njia ya Boston inaonekana toleo baada ya toleo. Natamani neno hili lingekuwa letu, lakini kutamani si ushahidi.

Na hatuhitaji kulilazimisha. "Goober", jina la karanga kusini mwa Marekani, limetokana na "nguba" ya Kikongo na Kimbundu. "Gumbo" linahusishwa na majina ya Kibantu ya bamia kutoka Angola. "Safari" liliingia katika Kiingereza kutoka Kiswahili katika karne ya 19. Haya yana ushahidi, na watoto wetu wanastahili kufundishwa haya.

Mengine ni mafupi. OK si kifupi cha "okay". Herufi ndizo zilizotangulia, kisha watu wakaziandika kama zinavyotamkwa.

Kosa la mwisho ni kudhani OK ni sifa. Baada ya siasa, neno lilikaa kwa makarani na waendesha simu za maandishi (telegrafu), hasa baada ya Samuel Morse kufungua laini ya Washington na Baltimore mwaka 1844. Kwao OK ilimaanisha ujumbe umefika, mzigo umehakikiwa, hati inaweza kuendelea. Hakuna aliyekuwa anasifu mzigo. Maana hiyo ingalipo: Mmarekani akiulizwa chakula kilikuwaje akajibu "it was OK", mpishi hajapongezwa. Amesema kinalika, basi. Mwanafunzi anayemwandikia mwajiri wa kigeni kwamba kazi yake ni "OK" akidhani amejisifu, amejipa alama za wastani.