Kuanza Maisha Chumba na Sebule: Yanayosemwa na Ukweli Ulivyo

Dar es Salaam, ukishalipa kodi ya miezi sita na hela ya dalali, ushauri huanza kumiminika kabla hata hujakabidhiwa funguo. Kaka atakwambia utafute sofa, mwenzako wa kazini atakutajia fundi wake wa samani wa Keko, na kwenye simu zitakuja video za mageto yaliyopambwa kwa mamilioni. Mengine ni ya kufuata. Mengi yanakufanya ununue kwa ajili ya mgeni atakayekaa nusu saa, halafu wewe mwenyewe ulale kwenye godoro lililobonyea katikati.

"Anza na sebule, ndiyo uso wa nyumba"

Uso wa nyumba utasubiri. Usiku wa kwanza unahitaji godoro, pazia, ndoo mbili tatu na madumu ya kuhifadhia maji, na mtungi mdogo wa gesi wenye jiko lake. Mgeni wa mtu anayeanza maisha hukaa kwenye mkeka na hasemi kitu. Akisema, basi huyo hakuja kukusalimia.

Kuchelewesha sofa kuna faida nyingine. Ukikaa mwezi mmoja utajua jua la saa kumi linapiga ukuta upi, mvua inaingilia dirisha lipi, na soketi pekee ya sebuleni iko nyuma ya nini. Halafu pima mlango. Milango mingi ya vyumba vya kupanga ina upana wa sentimita 80 hadi 90, na korido zenye kona ni kawaida. Sofa ya L isiyofunguka vipande ikigoma mlangoni, wa kuhangaika ni wewe na vijana wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, wanaodai hela ya ziada.

"Godoro nene ndilo godoro"

Inchi ndizo zinazotangazwa kwa sababu zinaonekana. Kinachobeba mwili ni uzito wa sponji, yaani kuna kilo ngapi ndani ya mita moja ya ujazo. Godoro la inchi 6 la sponji nzito litadumu kuliko la inchi 10 la sponji nyepesi. Huna haja ya mashine: dukani nyanyua kona za magodoro mawili yenye ukubwa ule ule, utasikia tofauti mkononi. Kandamiza kwa ngumi, uangalie linarudi haraka au linabaki na shimo.

Kitanda cha 5 kwa 6 maana yake ni futi, na futi 6 ni kama sentimita 183. Ukiwa mrefu, agiza kirefu zaidi na godoro la kulingana nacho. Hesabu pia chaga. Fundi anayebania mbao huacha nafasi kubwa kati yake, sponji inazama humo, na lawama zote zinaliangukia godoro. Kati ya chaga na chaga isizidi upana wa vidole vinne. Na kulaza godoro sakafuni ili kuokoa hela ya kitanda kuna gharama yake kwenye joto la Pwani: unyevu wa jasho unakosa pa kutokea, na ukiligeuza baada ya muda utakuta madoa meusi ya ukungu upande wa chini.

"Fundi siku zote ni nafuu kuliko duka"

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotelea. Fundi anaweza kuwa nafuu na akakupa kitu kitakachodumu kuliko wewe, lakini ni kwa mnunuzi anayejua kuangalia ndani. Sofa inauzwa ikiwa imevaa nguo, na ubaya wote uko chini ya nguo. Kwa hiyo nenda uione fremu kabla haijavishwa kitambaa. Kwenye karakana za Keko fremu hupangwa nje, barabarani, uchi kabisa; hakuna anayekuzuia kuinama. Tazama kona: zimeshikwa na misumari mitupu, au kuna gundi, skrubu na kibao cha kuimarisha? Angalia mbao zenye vifundo vikubwa mahali panapobeba uzito. Uliza kitakachowekwa chini ya sponji, maana kuna sofa ambazo ukizifungua unakuta vipande vya sponji vilivyobaki na maboksi.

Sofa ikishakamilika, shika mguu mmoja wa mbele, uunyanyue kama shubiri moja. Mguu wa pili wa mbele unatakiwa uwe umeshaanza kupaa. Ukibaki umetulia sakafuni, fremu inajipinda, na hiyo haitakaa mwaka bila kulia.

Kuhusu mbao, paini ya Mafinga si mbao mbaya. Ikiwa imekauka na imewekwa dawa, kitanda na rafu zitakutumikia vizuri. Shida ni mbili. Ya kwanza ni paini mbichi: inakauka ikiwa tayari ni kitanda, viungo vinaachia, na kila ukijigeuza jirani anajua. Ya pili ni paini iliyopakwa rangi ikauzwa kwa bei ya mninga, mbao ngumu ya gharama. Ingiza kichwa chini ya kitanda au nyuma ya droo, mahali ambako brashi haikufika. Ukikuta weupe wa njano wenye vifundo, huo si mninga hata fundi aape.

Advansi nayo ina mchezo wake. Nusu ya hela yako mara nyingi inanunua mbao za mteja aliyekutangulia, na yako itangoja mteja wa baadaye. Ndiyo maana ya "njoo Jumamosi" zisizoisha. Lipa kwa hatua: nenda naye kununua mbao, toa nyingine ukiiona fremu, malizia kazi ikishuka kwako.

Na duka? Kabati nyingi za kisasa kutoka nje ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi nzuri. Zinafaa chumba kikavu. Tatizo ni kudeki kwetu: tunamwaga maji. Baada ya miezi michache ukingo wa chini unavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, na ukivimba haurudi. Ukiipenda, ipe miguu, au ipandishe juu ya vipande vya vigae.

"Vya mtumba vyote ni vya kubahatisha"

Mapazia ya mtumba ni kati ya vitu bora utakavyovipata kwa hela ndogo. Kule soko la Karume, Ilala, ukichimba vizuri unapata kitambaa kizito chenye bitana, kinachozuia jua la magharibi kuliko pazia jepesi jipya la Kariakoo. Pima dirisha kwanza; upana wa kitambaa uwe mara moja na nusu hadi mbili ya dirisha, la sivyo litakaa limenyooka kama shuka kambani.

Godoro na sofa za kitambaa ni habari nyingine, kwa sababu ya kunguni. Wengi huamini kuanika juani siku moja kunatosha. Kunguni hujificha ndani ya mishono ambako joto halifiki, na mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Mafuta ya taa hayamalizi tatizo, yanakuongezea hatari ya moto. Kagua mishono kwa tochi. Ukiona vidoa vyeusi vilivyopangana, shukuru uondoke.

"Friji ya mtumba imenipunguzia gharama"

Siku ya kununua, ndiyo. Friji kuukuu yenye mpira wa mlango uliolegea inanguruma mchana na usiku, na kama mnachangia LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, na wapangaji wenzako, kikao kitakuhusu. Bana karatasi mlangoni: ikichomoka kirahisi, baridi inatoka. Na si friji peke yake: hita ya maji ya wati 2,000 inakula yuniti 2 za umeme kwa saa, wakati taa ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60. Badilisha taa kwanza.

"Mapambo ni ya wenye hela"

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 alitumia vibao vya bei ndogo na rangi za mafuta za kawaida. Michoro midogo ya wafuasi wake bado inauzwa Oysterbay, na bei inapatana. Mkeka wa ukindu unapoza macho na haubebi vumbi kama kapeti. Kanga mbili zilizotundikwa vizuri zinatosha ukuta mzima.

Karatasi za kubandika ukutani ndizo za kuogopa. Kwenye ukuta unaovuta unyevu kutoka chini, zinaufungia ndani, na zikibanduka zinatoka na rangi ya mama mwenye nyumba. Ukitaka kupaka rangi ya maji badala yake, mwombe kwa meseji, na kama mmekubaliana akukate kwenye kodi, kiasi kiandikwe humo humo kabla hujanunua ndoo. Piga picha kuta zote siku unapokabidhiwa funguo.